Taa ya samaki wangu niliyoipaka rangi mara mbili

Kutu ilianza kama madoa mekundu, kila moja na ukubwa wa punje ya mtama, kwenye ukingo wa chini wa bati la taa. Nikayafuta kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili yalikuwa yamerudi, na safari hii rangi nyeupe ya zamani ilikuwa inabanduka vipande vipande na kuelea juu ya maji kama magamba. Samaki mmoja alipanda, akadaka kipande, akakitema, akakidaka tena. Nikazima taa palepale na kuchomoa plagi.

Tangi langu ni moja tu. Lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kina 45, na ukishaweka mchanga na mawe na kuacha nafasi kidogo juu, maji yanayobaki ni kama lita 130. Liko sebuleni kwetu Tabata, chini ya dirisha la barazani. Ndani yake nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika peke yao: jozi ya leleupi, manjano kama embe lililoiva, wawili wenye milia myeusi wanaoitwa julidokromi, ambao hawaachani na mianya ya mawe, na kwenye kona ya mchanga kuna ukoo mzima wa wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Mkubwa wao hazidi kidole gumba changu, lakini akiona mkono umeingia majini anaujia kuupiga.

Mimi ni mtoto wa Kibirizi, Kigoma. Nimekuja Dar kufundisha fizikia, na nimekaa huku miaka mingi kuliko niliyokaa kule, ila ziwa halijanitoka. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Kwa asiyeujua uvuvi ule, ni kazi ya usiku, tena usiku wa giza. Mitumbwi inatoka jioni, karabai zinaning'inizwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, migebuka inawafuata dagaa, na wavu unapandishwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mkubwa watu wanabaki nyumbani kushona nyavu, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Siku hizi wavuvi wengi wana taa za LED za betri, lakini utotoni mwangu ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Kila karabai ya baba ilikuwa na kofia ya bati juu yake, na kabla hajatoka aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae. Alikuwa akituambia, "Mwanga unaokwenda juu ni mafuta yaliyomwagika."

Ndiyo maana nilipoichukua taa ile mikononi nilianza kuangalia upande wa ndani. Wageni hawauoni, lakini mwanga unaotoka mgongoni mwa tyubu unapiga pale kabla haujashuka majini. Upande ule ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Taa yenyewe ni fitingi ya tyubu ya futi mbili, ya bati zito, ya kizamani. Niliinunua kwa fundi aliyekuwa ameziondoa kwenye ofisi iliyokuwa inakarabatiwa. Ilikuja na tyubu nene ya aina ya T8. Ile namba baada ya T ni unene uliopimwa kwa sehemu za nane za inchi, kwa hiyo T8 ni inchi nzima, kama milimita 25. Ningeweza kununua taa mpya ya plastiki iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya matangi. Nilizishika kadhaa dukani. Nyingi zimegundishwa kwa gundi, ukitaka kubadilisha kitu kimoja ndani huna pa kuingilia bisibisi. Fitingi ya bati inafunguka kwa skrubu mbili, na kila kitu kilichomo kinatoka kimoja kimoja. Nikaona inastahili kuokolewa.

Mara ya kwanza nilifanya haraka. Ilikuwa Aprili, shule zimefungwa, masika imeshika. Nilinunua makopo mawili ya rangi ya kupuliza ya mililita 400, nyeupe na nyeusi, kila moja shilingi 6,500. Nikaisugua kutu kwa msasa mpaka ile nyekundu ikapungua, nikafuta vumbi, nikatandika magazeti barazani, nikapuliza. Praima, ile rangi ya chini inayoshika chuma, sikuweka. Mkono wa kwanza wa nyeupe nilimaliza saa tatu asubuhi. Ilipofika saa nane mchana nikagusa kwa kidole, nikaona pamekauka, nikapuliza mkono wa pili.

Haikupita dakika moja rangi ikaanza kukunjamana. Ilijikunja mbele ya macho yangu kama utando wa maziwa yaliyochemka ukiupuliza. Nikachukua kopo, nikasoma maandishi madogo ambayo nilipaswa kuyasoma asubuhi: mkono wa pili upigwe ndani ya saa moja, au usubiri saa 24. Sababu yake ni ya kueleweka kabisa. Ndani ya saa ya kwanza rangi bado ni laini, mkono mpya unaungana nayo na zote zinakauka pamoja. Baada ya saa moja ngozi ya juu inaanza kushika wakati chini bado ni mbichi. Ukipuliza hapo, tina, yaani kile kiyeyusho kilichomo kwenye rangi ya mkono mpya, inapenya, inaivimbisha ile ngozi, nayo haina pa kwenda ila kujikunja. Zikipita saa 24 imeshika yote, inavumilia. Saa tano nilizongoja mimi ziliangukia katikati, mahali pabaya kuliko pote.

Nyeusi ya nje nayo ilikauka na ukungu mweupe juu yake. Hilo ni la masika. Tina inapokimbia inachukua joto la bati, bati linapoa, na kama hewa imejaa unyevu, maji yanatua juu ya rangi mbichi kama jasho linavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nimeshawafundisha watoto habari ya jasho la chupa mwaka baada ya mwaka. Sikuwa nimewahi kuifikiria kwenye rangi.

Lakini rangi si kitu. Kilichonifanya niandike haya yote ni kilichotokea jioni ile.

Nilikuwa nimefunga mlango wa barazani nikipuliza. Dirisha sikulifunga, maana ni la nyavu na vioo vyake hukaa wazi mwaka mzima. Upepo ulikuwa unatoka nje kuja ndani. Na chini ya dirisha hilo, sakafuni, ilikuwepo pampu ya hewa ya tangi, ile ndogo inayonguruma usiku na mchana, inavuta hewa ya sebuleni na kuisukuma majini kupitia bomba hadi kwenye jiwe la povu. Ilifanya kazi yake bila kupumzika siku nzima. Harufu ya tina ambayo pua yangu ilikuwa imeshaizoea iliingizwa ndani ya maji punje kwa punje.

Saa kumi na mbili jioni leleupi wote wawili walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanakwenda mbio. Samaki wa mianya ya mawe hawapandi juu hivyo wakiwa wazima. Nilipoinama na kunusa pale povu linapopasuka, nilisikia tina. Nikachomoa pampu, nikafungua milango yote, nikatoa theluthi ya maji na kurudisha yale niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye pipa siku tatu, nikaweka mkaa mpya kwenye filta. Nikakaa pale na tochi mpaka saa sita usiku. Dume alishuka taratibu akarudi kwenye mawe yake. Asubuhi nilimkuta jike amelala ubavu nyuma ya filta.

Binti yangu ana miaka tisa. Tulimzika pamoja chini ya mpapai. Aliniuliza kama alikufa kwa sababu ya rangi, nikamjibu ndiyo, kwa sababu ya rangi, na kwa sababu mimi sikukumbuka pampu inavuta hewa kutoka wapi.

Kwa hiyo kama una tangi nyumbani na unasoma haya, naomba ulishike hili hata kama mengine yote utayasahau: kila unachokipuliza ndani ya nyumba yenye pampu ya hewa unakipuliza ndani ya maji. Rangi, dawa ya mbu, dawa ya mende, marashi, vanishi ya kabati. Kama huna namna ya kuhamishia kazi mbali, basi hamishia pampu. Bomba la hewa ni bei ndogo kwa mita; pampu inaweza kukaa hata chumba cha pili, juu kuliko maji, ikavuta hewa safi ya huko. Sasa hivi yangu imekaa juu ya rafu ukumbini, mbali na dirisha.

Fitingi ikakaa stoo miezi mitatu. Samaki hawakupata shida kwa kukosa taa. Mimea ndiyo inayokula mwanga, na tangi langu halina mimea. Mwanga wa dirishani uliwatosha kujua mchana na usiku.

Mwezi wa saba, kipupwe kimeingia, hewa imekauka na asubuhi kuna baridi kidogo, nikaipeleka kwa kijana mmoja anayepaka rangi bajaji na pikipiki mtaa wa pili kutoka kwetu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa."

Aliigeuza, akakwangua kwa ukucha ile rangi yangu ya Aprili, ikatoka na kutu chini yake. Akasema, "Mwalimu, hii kutu umeifunika shuka. Iko usingizini tu." Nikamwambia sikuja kumpa kazi, nimekuja kuomba anifundishe, na nipate nafasi kwenye uwanja wake kwa siku chache. Akanipa kona chini ya mwembe, na siku nzima ya kwanza hakuniruhusu kushika kopo.

Siku ile ilikuwa ya msasa. Tulianza na namba 80 kwenye kutu yenyewe, tukaenda 120, tukamaliza na 240, tukiwa tunalowesha maji. Kulowesha kuna sababu mbili. Msasa haujazi haraka, na vumbi halirushwi hewani. Rangi za fitingi za zamani huenda zina madini ya risasi, na hilo ni vumbi ambalo halifai kuvutwa na mtu yeyote, seuze kurudi nalo nyumbani kwenye nguo. Nilivaa barakoa, na shati la kazi nililiacha palepale gereji. Kwenye vishimo ambako msasa haufiki tulitumia brashi ya waya. Fundi alikuwa akinirudishia bati kila nilipodhani nimemaliza. "Ukiona kidoti cheusi, hiyo bado ni kutu. Chuma chenyewe ni cheupe."

Kisha akanionyesha kingo. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikuwahi kukisikia, na sasa nakiona kila mahali, kwenye mageti, kwenye madirisha ya chuma, kwenye vitanda vya bweni shuleni. Kutu karibu kila mara huanzia kwenye ukingo mkali. Rangi mbichi haipendi kukaa juu ya ncha. Inajivuta pande zote mbili na kuacha utando mwembamba sana pale juu kabisa, na unyevu unaingilia hapo. Dawa yake ni kuusugua ukingo mpaka uwe na mviringo kidogo, na baada ya praima kupitisha brashi nyembamba kwenye kingo zote kabla ya kupuliza. Tulifanya hivyo kwa pande nne na kwa kila tundu la skrubu. Kazi ya saa nzima kwa brashi ya kuchorea ya binti yangu.

Kwenye praima tulipishana kidogo. Yeye alitaka kuweka yenye zinki nyingi, ndiyo anayoiamini kwa chini ya bajaji. Nikamwomba tutumie ile ya kawaida ya rangi ya matofali. Zinki ikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki, na ingawa ingefunikwa na rangi juu, kitu hiki kitaning'inia juu ya maji miaka na miaka, kitakwaruzwa, kitadondokewa na matone yanayorudi chini. Bajaji haina samaki chini yake. Akakubali bila kinyongo, akaniambia basi hakikisha unapiga mikono miwili, na nilipiga miwili.

Kupuliza kwenyewe ni kitu kinachokwisha haraka ukilinganisha na yote yaliyotangulia. Kopo linatikiswa mpaka ile gololi ya ndani igonge kwa uhuru, kisha dakika moja zaidi. Mkono unakaa sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye bati. Unabonyeza ukiwa bado nje ya bati, unapita juu yake kwa mwendo mmoja, unaachia ukiwa umeshavuka upande wa pili. Ukibonyezea katikati unapata tone, na tone litatiririka. Mkono wote unasogea, kiganja kisipinde, maana ukipinda pembeni panapata kidogo na katikati panazidi. Kila mstari unaulalia ule uliotangulia nusu yake. "Usipulize kama unapiga dawa ya mbu," aliniambia. "Pita, uondoke. Mkono wa kwanza lazima uone bati chini yake." Hilo la mwisho lilinisumbua, kwa sababu macho yanataka kuona kazi imeenea. Nilijizuia. Mkono wa kwanza ulikuwa kama vumbi la unga tu, wa pili ukafunika, wa tatu ukamaliza, yote mitatu ndani ya saa moja, dakika kumi na tano kati ya mmoja na mwingine. Haikukunjamana hata mahali pamoja.

Tulianza saa nne asubuhi, umande umeshapanda na upepo wa mchana haujaanza kuleta mchanga. Ndani nyeupe, siku ya kwanza ya kupuliza. Siku mbili baadaye nikaifunika kwa tepu ya karatasi na magazeti, nikapuliza nje nyeusi isiyong'aa. Nje nilichagua nyeusi ili jioni, taa za sebuleni zikizimwa, jicho lisishikwe na bati. Na ndani sikutaka nyeupe ya kung'aa wala karatasi ya alumini ambayo najua wengi wanaibandika. Karatasi ile ikiachia inaweza kuangukia kwenye waya, na hata ikikaa, mikunjo yake inatupa mwanga mistari mistari. Nyeupe tulivu inautawanya sawasawa. Kofia ya baba ilitakiwa ing'ae kwa sababu alitaka mwanga wote ushuke mahali pamoja, dagaa wakusanyike hapo. Mimi nataka uenee tangi zima.

Kuna mahali patatu nilipofunika kwa tepu ili rangi isifike. Ile karatasi ya bati yenye maandishi ya volti na wati, ili fundi yeyote atakayeifungua baadaye ajue ameshika nini. Matundu ya kutolea joto. Na pale skrubu ya waya wa ethi, ule wa usalama, inapokaa. Hapa pa tatu tepu iliteleza, rangi ikaingia, na sikuona mpaka fundi umeme alipokuja nyumbani. Aliifunga skrubu, akagusisha mita upande mmoja kwenye waya wa kijani wenye mstari wa njano na upande wa pili kwenye bati. Mita ikakaa kimya. Rangi haipitishi umeme. Skrubu ilikuwa imekaza juu ya rangi, waya haukuwa umeshika chuma. Kama waya wa moto ungekatika na kugusa bati, bati lote lingekuwa na umeme wa volti 230, sentimita chache juu ya maji ambayo mwanangu anatia mkono kulisha samaki. Tulikwangua duara la ukubwa wa sarafu mpaka chuma kikawa cheupe, tukakaza tena, mita ikalia. Nikamwomba aguse mara ya pili nisikie.

Yeye ndiye aliyeondoa choki na stata, vile vifaa vinavyoiwasha tyubu ya kizamani, na kufunga tyubu ya LED ya wati 9 mahali pa ile ya zamani ya wati 18. Tyubu za LED zote hazifungwi namna moja. Hii yetu inapokea nyaya zote mbili upande mmoja, nyingine zinataka pande mbili, na maelezo yapo kwenye karatasi inayokuja nayo. Kwa kuwa choki haimo tena, tulibandika kikaratasi ndani ya fitingi kuandika kwamba ni ya LED tu, mtu asije akarudisha tyubu ya kizamani siku mimi sipo. Ile ya zamani ina zebaki ndani, sikuitupa jalalani. Niliifunga kwenye boksi lake ili isipasuke, nikampa fundi aipeleke anakopeleka nyingine. Waya tuliupitisha ukashuka chini kuliko soketi kisha ukapanda, ili tone la maji likiufuata lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Lakini hayo yote nimeyasimulia mbele ya zamu yake. Kati ya kupuliza na kumwita fundi umeme zilipita siku kumi na mbili, na siku hizo ndizo zilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Kopo linasema rangi inakauka kwa nusu saa. Inakauka kwa kugusa. Ndani bado inapumua, na inachopumua ni kilekile kilichomuua jike wangu. Njia niliyoitumia ni hii: naingiza fitingi kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, nafunga mdomo, naiweka juani saa moja, kisha nafungua na kuingiza pua mara moja. Siku ya tatu harufu ilinirudisha nyuma. Siku ya saba ilikuwepo, nyembamba, unaipata ukiitafuta. Siku ya kumi nilidhani haipo, nikamwita binti yangu, ambaye pua yake ni kali kuliko yangu, akasema, "Mama, bado kidogo." Siku ya kumi na mbili akanusa, akanusa tena, akasema inanuka mfuko.

Ili kutu isirudi haraka nimeweka kioo cha milimita nne juu ya tangi kama kifuniko, kimeacha upenyo nyuma kwa hewa na mabomba, na taa imekaa kwenye miguu yake sentimita kumi juu ya kioo. Mvuke ulikuwa unapanda moja kwa moja kwenye bati usiku kucha, miaka miwili. Kioo nakifuta kila Jumamosi, maana chokaa ya maji magumu inajiandika juu yake na kula mwanga.

Tuliiwasha Ijumaa jioni. Maji yalionekana mapya, hata mchanga ulikuwa na rangi ambayo sikuikumbuka. Kona mbili za tangi zilizokuwa giza siku zote sasa zilionekana mpaka chini. Samaki wote wakatoweka. Wa kwenye makombe waliingia kwenye makombe, wengine wakaingia kwenye mawe, tukabaki sisi wawili tunaangalia tangi la mawe.

Nikampigia baba. Ana zaidi ya miaka sabini, hatoki tena ziwani, ila bado anahesabu mwezi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Taa umeshaiwasha?"

"Nimeiwasha. Wamejificha wote."

"Umetarajia waje?" akauliza. "Hao si dagaa. Hao ni wa mawe. Wa mawe hawaifuati taa, wanaikimbia kwanza. Wape kidogo kidogo."

Siku ya kwanza nikawapa saa mbili tu, ya pili saa tatu, nikiiwasha kabla jua halijazama ili isiwashukie gizani. Jumapili jioni, binti yangu akiwa mezani na daftari la hesabu, dume wa manjano alitoka kwenye mwanya wake, akapita juu ya makombe, akaenda mpaka kona ya kushoto, ile iliyokuwa giza, akasimama pale mapezi yamefunguka. Binti aliweka kalamu chini. Tukamwangalia mpaka muda wa taa ulipokwisha.